Nani Alitenda Dhambi? Majibu ya Vipimo vya Urithi na Haki ya Kuelewa

Mtu aliyekabidhiwa karatasi yenye maneno asiyoyajua hawezi kusemwa kuwa ameambiwa jambo, hata kama kila kilichoandikwa humo ni sahihi. Hoja hii huwa nzito zaidi inapohusu majibu ya vipimo vya urithi, yaani vipimo vinavyochunguza jeni, ambazo ni maelekezo yaliyomo ndani ya chembe hai na ambayo mtoto hupokea nusu kwa mama na nusu kwa baba. Sababu ni kwamba majibu ya namna hiyo hayaishii kwa aliyepimwa, bali huwagusa wazazi wake, ndugu zake na watoto ambao hawajazaliwa. Nchini Tanzania, ugonjwa unaolileta swali hili katika familia nyingi ni selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, na makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba kila mwaka huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huo.

Selimundu husababishwa na badiliko dogo katika jeni inayoongoza utengenezaji wa himoglobini, protini ibebayo oksijeni katika chembe nyekundu za damu. Aliyerithi badiliko hilo kwa mzazi mmoja tu huitwa mbebaji, naye kwa kawaida huishi bila kuumwa. Aliyelirithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa, ambaye chembe zake hupinda kama mundu, huziba mishipa midogo na kumletea maumivu makali, upungufu wa damu na maambukizi. Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake Afrika Mashariki, alionyesha mwaka 1954 kwa nini jeni yenye madhara kiasi hiki haikutoweka: mbebaji hupata kinga ya kiasi dhidi ya malaria, na kwa hiyo jeni hiyo imeenea katika maeneo ambako malaria imekaa na watu kwa vizazi vingi, mkoa wa Mtwara nchini Tanzania ukiwa miongoni mwa maeneo hayo.

Ugumu wa kuelewa majibu huanzia maabara. Kipimo rahisi, ambamo damu huchanganywa na kemikali inayoondoa oksijeni kisha ikatazamwa kwa hadubini, huonyesha kwamba himoglobini ya selimundu ipo, lakini hakimtofautishi mbebaji na mgonjwa. Kazi hiyo huhitaji kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini kwa umeme, kiitwacho elektroforesisi, au vipimo vya haraka vya siku hizi vilivyoundwa kwa ajili hiyo. Mzazi wa Mkunya, katika uwanda wa juu wa Newala, akielezwa tu kwamba kipimo kimeonyesha selimundu, huweza kurudi nyumbani akimlilia mtoto mzima, au akampuuza mgonjwa kwa kumfananisha na jirani mbebaji asiyeumwa kamwe. Kisha huja hesabu ya uwezekano: wazazi wawili wabebaji huambiwa kuwa uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni asilimia 25, na ni rahisi kudhani kwamba, akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika, ilhali uwezekano huo ni uleule katika kila mimba, bila kujali iliyotangulia. Anayeeleza hajamaliza kazi yake mpaka mzazi aulizwe kuhusu mimba ijayo, naye ajibu sawasawa kwa maneno yake mwenyewe.

Hata hivyo, mzazi aliyeielewa hesabu hubaki na swali zito zaidi: kwa nini mtoto huyu, na kosa ni la nani? Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao kwa desturi huhesabu ukoo kwa upande wa mama na kumpa mjomba sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, ugonjwa wa kurithi unaweza kuhesabiwa upesi kuwa wa ukoo wa mama, kwa sababu mtoto mwenyewe ni wa ukoo huo. Baiolojia haina ugomvi na desturi hiyo, kwa kuwa ukoo ni mpango wa malezi, mali na heshima. Inachosema ni kwamba mtoto hawi mgonjwa wa selimundu pasipo kupokea jeni kutoka pande zote mbili, na kwamba hakuna mzazi anayechagua jeni atakayompa mwanawe. Sentensi hiyo ingefaa kuandikwa kwenye kila karatasi ya majibu.

Dini mbili zinazofuatwa na wengi Newala na Masasi, mkoani Mtwara, zilikwisha kulikabili swali hili. Katika sura ya 9 ya Injili ya Yohana, wanafunzi wanamwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu fulani akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, naye anakataa kwamba ni huyu au wale. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira, na kuandikwa na Bukhari na Muslim, mtu mmoja anamjia Mtume Muhammad akimshuku mkewe kwa sababu mtoto amezaliwa mweusi. Mtume anamwuliza habari za ngamia zake. Mtu huyo anasema ni wekundu, ila anakiri kwamba yumo wa rangi ya kijivu, na kwamba huenda ameivuta rangi hiyo kutoka asili yake. Ndipo anapoambiwa kuwa huenda na mwanawe yuko vivyo hivyo. Yafaa kutazama kwa makini jinsi jibu hilo lilivyotolewa, kwa maana muulizaji hakufundishwa kitu kigeni, bali aliongozwa na maswali mpaka akalifikia jibu ndani ya ujuzi wake wa mfugaji, na heshima ya mke ikalindwa papo hapo. Mkulima wa Mkunya hana ngamia, lakini ana mikorosho, naye anajua kwamba mbegu iliyookotwa chini ya mkorosho bora huweza kuota mti usiofanana na mama yake, na kwamba ndiyo sababu watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele huhimiza miche iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa na kitawi cha mti bora. Mtu mwenye ujuzi huo hakosi akili ya kuelewa urithi uliojificha. Anachokosa ni mtu wa kuketi naye.

Lipo jambo moja ambalo hadithi ya ngamia hailimalizi. Baba wa mtoto mgonjwa akipimwa na kukutwa hana kabisa jeni ya selimundu, majibu yanaweza kufichua jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Kipimo cha afya hakikuombwa kiwe kesi ya uzazi, na kwa hiyo haki inataka mume na mke waelezwe, kila mmoja peke yake na kabla damu haijatolewa, kwamba jambo hilo linaweza kujitokeza, ili anayekubali akubali akijua na anayekataa asilazimishwe. Kueleza baada ya majibu kutoka ni kuchelewa.

Basi hospitali za Newala, Mkomaindo na Ndanda ziandike majibu haya kwa Kiswahili kinachotaja wazi kama aliyepimwa ni mbebaji au ni mgonjwa, na zitenge muda wa kueleza kama zinavyotenga muda wa kupima. Masheikh, mapadri, na makungwi wanaowafunda vijana mambo ya ndoa katika jando na unyago, wafundishwe nao habari za selimundu, kwa sababu wao huketi na vijana hao kabla ya ndoa kufungwa, ilhali daktari huwaona baada ya mtoto kuugua.