KIJANA, UNALINDWA NA NINI?

Kijana mwenzangu, usiitupe karatasi hii. Najua umepewa tu njiani. Pengine ulikuwa unapita na pikipiki yako, pengine unatoka gatini Masoko kuulizia samaki. Isome kwanza. Sikuulizi dini yako, wala sikuulizi kama umewahi kukanyaga kanisani. Nakuuliza jambo moja tu: ukilala usiku, ni nini kinachokulinda?

Mwezi Mei 2025 nilikuwa nimekaa kijiweni, kikombe cha kahawa mkononi. Vijana wanatazama simu. India imerusha makombora Pakistani usiku wa kuamkia tarehe 7, na Pakistani nayo inajibu. Mmoja akasema, "Hawawezi kupigana kweli wale. Wote wana nyuklia, wanaogopana." Mwingine akacheka: "Na hata wakipigana, sisi Kilwa inatuhusu nini?" Wakarudi kwenye habari za mpira.

Maneno hayo mawili sijayasahau. Hebu tuyatazame moja moja.

WANAOGOPANA. Usidhani hilo ni neno la kijiweni tu. Ndiyo elimu yenyewe ya wakubwa wa dunia, ila wao wanaisema wakiwa wamevaa tai. Mimi nina bomu la kukumaliza, wewe unalo la kunimaliza, basi hakuna atakayethubutu kuanza. Kwa elimu hiyo dunia imejaza maghala yake mabomu ya nyuklia zaidi ya 12,000, na karibu tisa katika kila kumi ni ya Urusi na Marekani. India na Pakistani kila moja inakadiriwa kuwa na zaidi ya 150. Zilipoyajaribu mabomu yao Mei 1998 watu walishangilia barabarani wakagawiana peremende. Eti sasa tumesalimika! Haukupita hata mwaka na nusu, 1999 hiyo, wakawa wanauana kule Kargil, kwenye milima ya Kashmiri. Na Aprili 22, 2025 watu wenye silaha waliwaua watu 26 Pahalgam, na siku kumi na tano baadaye makombora yakawa hewani. Siku nne nzima, mpaka Mei 10 walipokubali kusimamisha.

Utaniambia, "Lakini hawakutumia nyuklia, kwa hiyo woga ulifanya kazi." Pengine. Mtu anayeendesha gari lisilo na breki akifika salama mara tatu, naye hujisifu hivyohivyo.

Wewe mtoto wa Kilwa una habari moja ambayo maprofesa wa Ulaya hawana. Umeisikia tangu ukiwa mdogo. Julai 1905, kule Nandete, Umatumbi, wazee wetu waling'oa pamba ya Mjerumani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa maji, akawaambia risasi za Mjerumani zitageuka maji. Siwacheki, na wewe usiwacheke. Walikuwa wamelimishwa pamba kwa viboko, na maji yale yaliyaunganisha makabila ambayo zamani hayakuwa yakisikilizana. Walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini risasi ilibaki risasi. Kinjikitile alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka uleule. Vita vilikwenda mpaka 1907, na baada ya bunduki ikaja njaa, maana mashamba na maghala yalichomwa makusudi, nayo njaa ikaua maelfu kwa maelfu, watoto na vikongwe ambao hawakuwahi kushika mkuki.

Sasa nikuulize. Leo ni nani aliyekunywa maji? Ni nani anayesema, "Nikishakuwa na dawa hii ghalani, risasi ya adui haitanifikia"? Walioko Washington na Moscow, walioko Delhi na Islamabad, wote wameinywa. Tena wameinunua kwa fedha ambazo zingejenga hospitali hata wasijue wagonjwa wa kuzijaza.

Na dawa hii inasimama juu ya nini? Sikiliza. Usiku wa Septemba 26, 1983, afisa mmoja wa jeshi la Kisovieti, Stanislav Petrov, alikuwa zamu. Mitambo ya tahadhari ikalia: Marekani imerusha kombora. Ikalia tena, na tena, mpaka yakafika matano. Kazi yake ilikuwa kupasha habari juu, na huko juu wangeamua kwa dakika chache kama wajibu kwa mabomu. Petrov akakaa, akafikiri, akasema mitambo imekosea. Na kweli ilikuwa imekosea. Ilikuwa mwanga wa jua uliopiga mawinguni, setilaiti ikadhani ni moto wa makombora. Bwana wee! Mabilioni ya watu walilala usingizi usiku ule, babu zako wa Lindi wakiwamo, kwa sababu mtu mmoja aliyekuwa na usingizi na hofu kama wewe hakuharakisha. Bomu halikumlinda mtu usiku ule. Tulilindwa na mtu aliyekataa kuliamini bomu.

Nije kwa yule aliyecheka. INATUHUSU NINI?

Korosho zako zinakwenda wapi, ndugu yangu? Msimu ukifunguliwa, magunia yakitoka Ruangwa, Nachingwea, Liwale na Kilwa yakapigwa mnada, sehemu kubwa inapakiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Bandari za India zikifungwa kwa vita, hiyo bei utaiulizia wapi? Hilo ni dogo. Kusini-magharibi ya hapa, ng'ambo ya pori la Selous, ipo Namtumbo, kwenye Mto Mkuju. Mwaka 2012 kipande cha pori kilikatwa kwa ajili ya madini ya urani, na Julai 2025 kiwanda cha majaribio kilizinduliwa. Mwenye mradi ni kampuni ya nyuklia ya serikali ya Urusi. Wanasema ni kwa ajili ya umeme, na ni kweli urani huwasha taa. Lakini ni urani hiyohiyo, ikishachujwa sana, ndiyo inayotengeneza bomu. Nchi yetu imetia saini mikataba ya kuyakataa mabomu hayo, ule wa Afrika nzima wa 1996 na ule wa dunia mwaka 2019. Vizuri. Ila udongo wetu umeshaingia katika hesabu za wakubwa, upende usipende.

Na juu ya yote hayo lipo jua. Mwaka 2022 wataalamu walichapisha hesabu zao: India na Pakistani peke yao wakipigana kwa nyuklia, moshi wa miji inayoungua utapanda juu kupita mawingu, mahali ambapo mvua haiwezi kuuosha. Utakaa miaka. Jua litapungua, mvua zitavurugika, mavuno yataanguka duniani kote, na zaidi ya watu bilioni mbili wanaweza kufa kwa njaa. Moshi hauulizi kama ulikuwa upande wa India au wa Pakistani. Utaukuta mtama wako, mahindi yako na muhogo wako.

Kilwa haijaanza leo kutishiwa kutoka baharini. Julai 1502 Vasco da Gama alitia nanga pale Kisiwani, akamwambia Amiri Ibrahim: lipa dhahabu kwa mfalme wa Ureno, la sivyo nauteketeza mji. Amiri aliiona mizinga, akaogopa, akalipa. Tishio limefanya kazi, si ndio? Miaka mitatu haikwisha vizuri. Julai 1505 akaja Francisco de Almeida na merikebu zake, askari wakashuka, mji ukaporwa, Ibrahim akakimbia. Wakajenga ngome pale ufukweni unapoliona Gereza, na mwaka 1512 wakaondoka zao. Dhahabu ile unajua iko wapi? Iko Lisbon, katika jumba la makumbusho. Mfalme Manuel aliifanya chombo cha ibada, cha kuonyeshea Ekaristi, kikamalizika 1506, na kwenye kitako chake wameandika wazi kwamba ni dhahabu ya kodi ya Kilwa. Mimi ni Mkristo, na nikisoma hayo naona aibu. Walimtishia mtu kwa mizinga, kisha wakampelekea Mungu walichompora. Sijui walidhani Mungu haoni ilikotoka.

Maana yule Yesu waliyedhani wanamheshimu, usiku ule wa Gethsemane, alikuwa na mwanafunzi mwenye upanga. Petro akauchomoa, akamkata mtumishi wa kuhani mkuu sikio. Kijeshi hakukosea, adui alikuwa amekwisha kuja. Yesu akamwamuru aurudishe alani. Halafu akaligusa sikio la yule mtu, akamponya. Fikiria: mtu aliyekuja kumkamata alirudi nyumbani na masikio yake mawili.

Utasema hayo ni ya Biblia, mataifa hayawezi. Afrika Kusini ilikuwa na mabomu sita ya nyuklia, iliyatengeneza yenyewe kwa siri. Ikayavunja yenyewe. Machi 1993 Rais de Klerk akautangazia ulimwengu. Ni taifa la Kiafrika hilo, na halijafutika kwenye ramani kwa kukosa bomu.

Lakini wewe huna bomu. Una nini chini ya kitanda?

Tuseme ukweli. Tangu ng'ombe wengi walipohamishwa kutoka Usangu na Ihefu, 2006 na 2007, wakaletwa huku kwetu, mkulima na mfugaji wa Kilwa wanalala kama India na Pakistani. Huyu kanoa panga kwa sababu yule ana sime. Yule kaongeza sime ya pili kwa sababu kasikia huyu kanoa. Kila mmoja anasema, "Mimi sina ubaya, najilinda tu." Kisha usiku mmoja ndama anaingia kwenye ufuta, mtu anapiga kelele gizani, na pale hakuna Petrov wa kukaa akafikiri. Watu wamekufa hivyo, na wewe unawajua kwa majina.

Yupo mtu unayemwogopa, naye anakuogopa. Jina lake limekujia sasa hivi ukisoma mstari huu. Huyo ndiye niliyekuandikia habari zake. Nenda kwake leo kabla ya magharibi, mchukue mzee mmoja mnayemheshimu wote wawili. Kama unaweza kuomba, omba njiani. Panga liache nyumbani, na ukifika usianze na habari ya ndama. Anza kwa kumsalimia, umuulize watoto wake wameamkaje.