KUPATWA, KUPITIA, KUVUMILIA



Hapa Beni nilienda kwenye matanga ya mama mmoja wa parokia yetu. Mume wake aliuawa katika shamba la kakao. Nikamwambia kama tunavyozoea: «Vumilia, mama. Utapitia.» Akanijibu: «Shemasi, mimi nimepatwa. Kupitia ni neno la kesho.» Nilirudi nyumbani na haya.

Tangu siku ile ninayapima maneno hayo. Kupatwa ni jambo kukuangukia bila wewe kulichagua. Kupitia ni kutembea ndani yake mpaka ng'ambo. Kuvumilia ni kazi ya moyo njiani. Hayo si neno moja.

Tuliona tofauti yake wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 walipatwa, 2,287 wakafa. Waliopona walizidi 1,100. Walakini kupona ni habari ya mwili: wengi walirudi nyumbani wakaogopwa na majirani. Ugonjwa ulikwisha, safari ikabaki. Hapa Beni na kule Butembo, wengine wao walikubali kubeba watoto wachanga ambao mama zao walilazwa kituoni, kwa maana miili yao ilikwisha kupata kinga. Hao wanaweza kusema: tumepitia.

Lakini mauaji yaliyoanza Beni mwezi wa Oktoba 2014 hayajaisha. Mtu aliye katikati ya mto hasemi kwamba amevuka.

Na neno «vumilia», je? Likitoka kinywani mwa mwenye maumivu, ni ushuhuda. Likitoka kwangu mimi niliyekula na kulala, laweza kuwa njia ya kufunga mlango. Yeye akivumilia njaa nami nina unga, dhambi ni yangu. Tena tusimfundishe mtu kuhesabu mauaji kama mvua, jambo lisilo na mwenye kuulizwa.

Rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba, mchana na usiku, wakinyamaza. Hapo walifanya vema. Walipoanza kumfundisha, ndipo walipokosea.

Basi, tukifika matangani tuketi kwanza. Tuulize: watoto wamekula? Kuni zipo? Neno la kupitia tumwachie mwenyewe, alitamke siku yake.

Bwana awalinde.

Shemasi wenu