Haki ya Mgonjwa wa Kifua Aliyezidiwa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake. Ama baad, ndugu zetu Waislamu, twataka kukumbushana haki ya mgonjwa wa kifua aliyezidiwa na maradhi.

Twaona katika miji yetu mtu akikohoa mwezi mzima huambiwa amerogwa, akafungwa hirizi na kunyweshwa kombe. Akianza kutoa damu, kikombe chake hutengwa na jamaa humkimbia. Ilhali kifua kikuu huambukiza kwa pumzi, si kwa kikombe. Hufikishwa hospitali nguvu zimekwisha, kisha husemwa, "Ndiyo kadari yake." La hasha! Kumtegemea Mungu si kuacha sababu. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu.

Na hikima huchukuliwa popote ipatikanapo. Mtazameni John Crofton, tabibu wa mapafu aliyezaliwa Dublin mwaka 1912. Alishiriki katika jaribio la streptomaisini lililotangazwa Uingereza mwaka 1948. Katika miezi 6 walikufa wagonjwa 4 kati ya 55 waliopewa dawa, na 14 kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu. Lakini furaha haikudumu: vijidudu viliizoea dawa ile, na wengi waliopata nafuu wakarejewa na maradhi.

Mwaka 1952 Crofton alifanywa profesa Edinburgh. Yeye na wenzake wakatumia dawa 3 kwa pamoja, ili kijidudu kinachoishinda moja kiuawe na nyingine. Wakapima makohozi, wakasimamia kila kipimo cha dawa. Alipotangaza kuwa lengo lao ni kuwaponya wote, matabibu wengi hawakusadiki. Hata hivyo hakusema, "Huyu kazidiwa, mwacheni."

Basi zingatieni: dawa ilikuwapo, lakini uponyaji haukutimia ila kwa uaminifu wa kila siku. Majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970 yalionyesha kuwa miezi 6 ya dawa bora hutosha mahali pa mwaka na nusu. Na leo dawa hizo hutolewa bure katika hospitali za serikali Kenya. Je, mtu ana udhuru gani aziachapo mwezi wa pili kwa kuwa kikohozi kimetulia? Amejidhulumu nafsi yake, na amewadhulumu jirani zake, kwani huwaambukiza maradhi yaliyokwisha kuzoea dawa.

Wako pia wasioponyeka, kama aliyeenewa na saratani ya mapafu. Crofton, pamoja na mkewe Eileen, alipiga vita sigara kwa miaka mingi, kwa kuwa alijua msiba huu waanzia wapi. Lakini aliyekwisha kufikwa si wakati wa kumlaumu. Mwinueni akae, fungueni dirisha apate upepo. Na tabibu akimpa mofini kidogo ya kumpunguzia dhiki ya pumzi, msimnyime kwa hofu zenu. Msimdanganye hali yake, ili apate kutubu, kuusia na kulipa madeni. Asipoweza kusimama, msaidieni asali kwa kukaa au kwa kulala.

Dawa ya kuponya yaweza kwisha. Haki ya mgonjwa haiishi hadi azikwe. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie tusiwe miongoni mwa wanaowakimbia. Amin.