Marundo ya Mawe Vilimani na Hukumu Zake

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa njema zamstahiki Yeye aliyeyasimamisha majabali yakatulia, akazitandaza nchi tambarare chini yake na kupitisha mito kati yake. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baad. Msafiri atokaye Kyela kwenda Matema hupita katika nchi ya mpunga na kakao na migomba, nchi iliyojengwa kwa udongo wa mito, Songwe na Kiwira na Mbaka na Lufilyo, hata aweza kwenda mwendo mrefu asione jiwe la kufanyia figa. Lakini afikapo Matema, milima ya Livingstone humsimamia usoni mfano wa ukuta, na tangu hapo kila hatua ni jiwe. Na palipo na jiwe, mkono wa mwanadamu hauliachi kama lilivyo: huliokota moja akaliweka juu ya jingine, akaja mwenziwe akaongeza, na baada ya miaka ikawa ni rundo, wala hapana ajuaye aliyeanza.

Marundo ya namna hii yamo katika nchi nyingi za Afrika, juu ya vilele na penye njia panda, na watu hugombana kwa habari zake. Mmoja husema, "Hii ni shirki, na ibomolewe." Wa pili husema, "Ni mila ya wazee, isiguswe." Na wa tatu hulitupia jiwe kila apitapo, kwa kuwa aliyemtangulia alitupa. Wote watatu wamehukumu kabla ya kujua, na wa kwanza, ijapokuwa ana ghera ya dini, si salama kuliko wenziwe; kwani jiwe juu ya jiwe halina hukumu moja. Hukumu yake hufuata lile lililokusudiwa.

Katika Sura ya An-Nahl Mwenyezi Mungu amezitaja neema zake: ametaja milima na mito na njia, kisha akataja alama, na nyota ambazo kwazo watu huongoka. Basi alama za njia zimehesabiwa pamoja na neema. Apandaye milimani wakati wa mawingu, asipoiona hata miguu ya mwenziwe aliye mbele, humjua thamani yake yule aliyepanga mawe matatu ukingoni mwa genge. Na ikiwa kuondoa kitu chenye kudhuru njiani ni tawi la imani, kama ilivyopokewa kwa Mtume s.a.w., basi kuweka kitu chenye kuongoza njiani hakuko mbali na hilo. Rundo kama hili mwenye kulibomoa kwa kudhani anafanya jihadi, huenda akamwangusha Muislamu mwenziwe bondeni.

Na liko rundo la mpaka. Hapa pana hadithi aliyoipokea Sayyidna Ali, imo katika Sahihi ya Muslim, nayo yafaa kutazamwa sana, kwa kuwa imeyakusanya pamoja mambo mawili ambayo watu huyatenga. Mtume s.a.w. ametaja ndani yake watu waliolaaniwa na Mwenyezi Mungu: miongoni mwao ni mwenye kuchinja kwa ajili ya asiyekuwa Mwenyezi Mungu, na miongoni mwao ni mwenye kuzibadili alama za ardhi. Mtu aweza kuikimbia laana ya kwanza akaingia katika ya pili. Atakuta rundo mpakani mwa shamba, aseme ni sanamu, alitawanye. Kumbe ndiyo hati ya jirani yake asiyejua kusoma wala kuandika, na msimu ujao yatima hana pa kupanda. Na imesihi kwa Bukhari na Muslim kwamba mwenye kudhulumu ardhi kadiri ya shubiri atavishwa shingoni ardhi saba siku ya Kiyama.

Watu wa kaskazini ya Ziwa Nyasa wanaijua kadhia hii kuliko wengi. Uingereza na Ujerumani zilipopatana tarehe 1 Julai 1890, mto wa Songwe ulifanywa mpaka, na mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ilipita katika nchi iliyo kati ya Nyasa na Tanganyika kuusimika mpaka huo, mapatano yakathibitishwa mwaka 1901. Lakini mto si jiwe. Songwe unapokaribia ziwa hupinda na kupindua, na katika mafuriko huacha njia yake ya kale na kujifanyia mpya. Wako waliolala upande mmoja wa maji wakaamka upande wa pili, shamba likiwa lile lile na mwenyewe yule yule. Serikali za Tanzania na Malawi zimeshirikiana katika shauri la mto huo. Wenye mashamba kandokando yake hawana haja ya kuhubiriwa faida ya alama isiyohama.

Ama laana ya kwanza, yaani kuchinja kwa ajili ya asiyekuwa Mwenyezi Mungu, haina mlango wa kutokea. Masanamu ya mawe ya Waarabu wa Jahiliya yalikuwa hivyo hivyo: Kurani imeyataja katika Sura ya Al-Maida na kuwaamrisha waumini wajiepushe nayo. Abu Rajaa al-Utaridi, aliyeudiriki ujinga huo kabla ya kusilimu, alisimulia, na Bukhari ameipokea habari yake, kwamba walikuwa wakiabudu jiwe, na walipopata lililo zuri zaidi walilitupa lile la kwanza. Na wasipopata jiwe walikusanya rundo la udongo, wakaleta kondoo wakamkamulia maziwa juu yake, kisha wakalizunguka. Mtu huyu alikuwa mzee akilisema jambo hili juu ya nafsi yake, wala hakulificha, ili watoto wa Kiislamu wajue jinsi akili inavyoweza kuanguka ikakosa chini.

Katika nchi ya Wanyakyusa matambiko makubwa ya kale hayakuwa kwenye marundo bali kwenye misitu. Godfrey na Monica Wilson, wataalamu waliokaa huko katika miaka ya 1930, waliyachunguza matambiko hayo, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1959 huyo Monica ameeleza habari za msitu wa Lubaga ulio wa Lwembe, na wa Palikyala karibu na ziwa, na ng'ombe waliochinjwa humo. Jina lile la Kyala ndilo ambalo Wakristo wa nchi hiyo walilichukua kumwitia Mungu. Hayo yatajwa ili ijulikane kwamba si rundo tu. Mti nao huingia, na pango, na kila kinachoombwa kisichosikia.

Na yule wa tatu, atupaye jiwe? Desturi hii ni kongwe na imeenea. Wazulu na Wakhosa wa Afrika ya Kusini huliita rundo kama hilo isivivane, na msafiri huokota jiwe akaliongeza apate safari njema. Wamasai nao walikuwa wakiongeza mawe juu ya kaburi la mtu mkubwa kila wapitapo. Hapa nia huchunguzwa. Mwenye kuongeza jiwe ili alama isipotee amefanya wema. Mwenye kuongeza kwa kuitakidi kwamba rundo lina nguvu ya kumkinga na simba au kumwondolea uchovu, na kwamba asipotupa atapatwa, huyo amemtegemea asiyenufaisha wala kudhuru. Sayyidna Umar alipolibusu Jiwe Jeusi katika Al-Kaaba, alisema wazi mbele ya watu kuwa analijua ni jiwe tu, halidhuru wala halinufaishi, na lau si kumwona Mtume akilibusu asingelibusu. Ikiwa hivyo ndivyo alivyosema juu ya lile, lisemwe nini juu ya jiwe la kando ya njia ya Ukinga?

Lakini kuijua batili si ruhusa ya kwenda usiku kuvunja vya watu. Mtume s.a.w. aliyavunja masanamu ya Makka siku aliyoingia akiwa na amri ya mji. Na kabla ya siku hiyo aliishi Makka miaka mingi masanamu yakiwa yamemzunguka, akihubiri. Na katika Sura ya Al-Anaam waumini wamekatazwa kuwatukana wanaoombwa badala ya Mwenyezi Mungu, wasije wenyewe wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa uadui pasipo ilimu. Kyela Waislamu ni wachache kati ya jirani zao. Kijana mmoja mwenye pupa aweza kwa rundo moja kuharibu ujirani ambao baba zake waliujenga kwa kuzikana na kuazimana mitumbwi.

Tena huenda chini yake yupo maiti. Huko Lothagam, kando ya Ziwa Turkana, wataalamu walitangaza mwaka 2018 kwamba mahali palipopangwa nguzo na mawe pamezikwa watu wasiopungua 580, wafugaji wa zama za miaka elfu tano iliyopita, wakubwa kwa wadogo. Na kinyume chake kiko Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa: marundo ambayo zamani yalidhaniwa makaburi, mengi yake yameonekana kuwa ni mawe yaliyoondolewa mashambani na wakulima ili jembe lipite. Basi lile ulionalo kaburi ni takataka ya shamba, na lile ulionalo takataka ni kaburi. Na imepokewa kwa Abu Daud kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai.

Kwa kaburi la Muislamu jambo limekwisha kubainishwa. Mtume s.a.w. aliweka jiwe kichwani pa kaburi la Uthman bin Madhun ili alijue, na hilo latosha kuwa sunna ya alama. Kisha akakataza makaburi yasipakwe chokaa wala yasijengewe, na Sayyidna Ali akatumwa kuyasawazisha yaliyoinuliwa. Jiwe moja au mawili, basi. Na penye mlima, ambapo udongo ni haba na fisi hufukua, mawe hupangwa juu kwa ajili ya hifadhi, wala hapana lawama.

Limebaki swali ambalo wakubwa hulicheka, na watoto huliuliza kwa machozi: mnyama aliyefugwa akifa, yafaa kuzikwa na kupangiwa mawe? Asicheke mtu. Mwanadamu wa kwanza kufundishwa kuzika alifundishwa na kunguru. Na Mtume s.a.w. alisimulia habari ya mtu aliyeshuka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, akasamehewa. Na ya mwanamke aliyemfungia paka hata akafa kwa njaa, akaingia motoni. Aliyefundisha hayo hakufundisha kwamba mnyama ni kitu cha kutupwa jaani.

Kwa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, mbwa ni najisi, na kilichopatwa na umajimaji wake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini sheria imeruhusu mbwa wa mifugo, na wa kuwinda, na wa shamba. Na mwenye mpunga au kakao karibu na msitu, anayeviziwa na nguruwe mwitu na ngedere, ni mwenye shamba hasa. Mbwa wake akifa, na amfunge katika gunia, amchimbie shimo, amfukie asiwadhuru watu kwa harufu, na aweke mawe juu fisi asimrudishe. Hapo pana usafi, na pana ihsani. Mtoto akilia, aachwe alie. Lakini hapana sala, wala kuelekezwa kibla, wala talakini, wala sanda ya bafta mpya ilhali yuko maskini asiye na shuka.

Mapenzi haya si mageni. Huko Berenike, bandari ya kale ya Misri katika Bahari ya Shamu, iliyofanya biashara hata Bara Hindi, yamefukuliwa makaburi ya zaidi ya wanyama 500 wa karibu miaka elfu mbili iliyopita, paka wengi, na mbwa na nyani, wengine wangali na ukosi au shanga shingoni.

Hatari haiko kwa mbwa. Iko kwa wajukuu. Katika nchi za Mashariki husimuliwa hekaya ya mtu aliyefiwa na punda wake njiani, akamzika, akampangia mawe, akaketi analia. Wapita njia wakadhani ni kaburi la walii; mmoja akaacha fedha, wa pili akawasha taa, na mwisho likajengwa kuba na yule mwenye punda akawa mtunzaji wake. Watu huicheka hekaya hii, kisha huenda kwenye rundo wasilolijua wakafunga kitambaa chekundu.

Kwa hiyo kaburi la mnyama lisiwe katika maziara ya Waislamu, wala penye njia panda, wala kileleni paonekanapo kutoka ziwani. Watosha ubavu wa kilima, nyuma ya shamba alilokuwa akililinda. Mawe na yakae hata mvua za Machi na Aprili zishindilie udongo. Baadaye mwenye shamba akiyahitaji kwa ukingo wa jaruba au kwa mafiga, ayaoshe, ayachukue, hayana wakfu.

Wallahu aalam.