Chema Chajiuza, Kibaya Chajitembeza

Wazee wetu walituachia maneno machache yenye uzito mwingi. Katika nyumba nyingi za Kikristu, mtoto hajajua bado kuandika jina lake, naye amekwisha kusikia kwa baba yake kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwamba njia ya mwongo ni fupi. Kwamba haba na haba hujaza kibaba. Maneno hayo tumeyapokea kama urithi, bila kuyalipia. Leo twataka kuuliza kama urithi huo ungali ukitumika mahali pale unapohitajiwa zaidi, yaani juu ya meza ya muuzaji.

Twauliza kwa sababu ya swali tuliloletewa na baba mmoja mwenye jamaa. Mtu huyu ana biashara ndogo katika soko la mji mdogo. Huuza majembe, mapanga, mashoka, nyundo, misumeno na patasi, vingine vipya, vingine vilivyokwisha kutumika. Alinunua kwa jumla majembe 40 ya bei nafuu, na baada ya kuuza manne akatambua ya kuwa chuma chake ni laini: jembe likigonga jiwe, makali yake hukunjika. “Sijasema uongo,” alituambia. “Mnunuzi huuliza bei tu. Je, nikinyamaza ni dhambi?” Mkewe alimsihi awaambie watu ukweli. Lakini mwanawe mkubwa, ambaye humsaidia dukani, alijibu kwa msemo mwingine wa zamani: wajinga ndio waliwao.

Kwanza yafaa tufikiri jembe ni kitu gani kwake yeye alinunuaye. Zamani wahunzi wa Usumbwa walifua majembe yaliyouzwa hata Unyamwezi, na katika makabila mengi jembe lilitolewa kuwa mahari. Babu zetu walilihesabu kuwa mali, kwa kuwa chakula cha nyumba chatoka katika ncha yake. Mambo hayo hayajabadilika kwa mkulima mdogo. Mama mmoja ajitahidi kuweka akiba, na mvua za kwanza zikinyesha hushika njia kwenda sokoni kununua jembe moja. Siku ya tatu likikunjika, hana fedha ya kununua jingine, wala mvua haimngojei. Shamba lalimwa nusu, na upungufu huo waonekana katika chungu miezi mingi baadaye. Muuzaji amepata faida ndogo ambayo pengine amekwisha kuisahau. Lakini yule mama amepotewa na msimu mzima. Kadhalika, nyundo yenye ufa uliofunikwa kwa rangi yaweza kurusha kipande cha chuma na kumpofusha fundi. Basi mambo haya si madogo, hata kama duka ni dogo.

Sasa tulijibu swali. Amri ya saba ya Mungu haimkatazi mwizi wa usiku peke yake. Sheria ya Musa iliwakataza Waisraeli kuchukua mfukoni mawe ya mizani ya namna mbili, moja zito la kununulia na moja jepesi la kuuzia. Naye Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, alilipima neno hili kwa makini. Ila ikiwa wazi, naye muuzaji akipunguza bei ipasavyo, hana lazima ya kuitangaza. Mtu auzaye farasi chongo hana haja ya kupiga mbiu, maana kila mwenye macho aona. Lakini ila ikiwa imefichika, na yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, muuzaji amepasiwa kusema. Akinyamaza, amedanganya kwa kunyamaza kwake. Tena, aliyeuza bila kujua hakutenda dhambi. Lakini siku atakapojua, yampasa kumfidia yule aliyenunua.

Kipimo hiki chatosha katika biashara ya vyombo vya kazi. Panga la zamani lenye kutu lajitangaza lenyewe. Lakini patasi iliyonolewa kwa mashine ya kasi mpaka chuma kikageuka rangi ya samawati, imepoteza ugumu wake. Naye fundi hataitambua ila hiyo kama samawati imekwisha kung’arishwa. Mpini wa mti mbichi waonekana mzuri siku ya soko. Baada ya majuma machache hukauka na kunywea, na shoka huchomoka. Muuzaji mwaminifu ayataja hayo kabla ya kupokea fedha. Amwacha mnunuzi aligonge jembe, asikie mlio wake. Amwacha ajaribu kwa tupa; maana tupa ikiteleza juu ya makali, chuma ni kigumu, na ikikila kwa urahisi, ni laini. Mwenye kitu chema haogopi kijaribiwe. Hiyo ndiyo maana ya methali yetu.

Na ile methali ya kijana, twaikanushaje? Hatuikanushi, twairudishia maana yake. Wazee walisema wajinga ndio waliwao ili kumwonya mtu aendaye sokoni awe macho. Hawakumpa muuzaji ruhusa ya kula. Kadhalika walisema mchagua jembe si mkulima ili kumkemea mvivu atafutaye udhuru, si ili muuzaji amharakishe mjane asikague anachokinunua. Methali ni kama panga: laweza kufyeka njia, laweza pia kumwumiza jirani. Lategemea mkono ulishikao.

Hapa twasema na wazazi hasa. Mara nyingi twalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawasikii maneno ya wazee. Huenda wasikia sana, bali waona pia. Jioni baba amfundisha mwanawe kwamba njia ya mwongo ni fupi. Asubuhi amtuma kupaka rangi juu ya ufa. Mtoto hana shida ya kuchagua kati ya mafundisho hayo mawili. Lile la jioni ataliweka pamoja na hadithi za sungura na fisi. Lile la asubuhi atalifanya kuwa maisha yake. Na siku moja baba huyo atakapokuwa mzee, atauziwa naye kama alivyouza.

Hatuwadanganyi wasomaji wetu kwa kusema kwamba mwaminifu hutajirika daima. Mwenye duka la jirani aweza kunyamaza, akauza mara mbili zaidi. Uaminifu una gharama, na wengine wameilipa yote. Mjini Goma, katika nchi ya Kongo, kijana Mkatoliki Floribert Bwana Chui alikuwa na kazi ya kukagua bidhaa zilizoingia nchini. Alikataa kupitisha vyakula vilivyoharibika, ambavyo vingewadhuru maskini, akakataa na hongo aliyopewa. Aliuawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri mjini Roma. Yeye alitoa uhai wake ili watu wasiowajua wasile sumu. Sisi twaombwa tu kupunguza faida ya majembe machache. Je, tutasema mzigo huo hauchukuliki?

Wanunuzi nao wasijidhani kuwa hawaguswi. Mtakatifu Tomaso huyo huyo afundisha kwamba mnunuzi naye aweza kuiba, akimwona muuzaji amekosea, naye akafaidi kosa hilo kimya kimya. Mtu akopaye panga na kukwepa kulipa, au avunjaye mpini kwa uzembe kisha adai kwamba aliuziwa kibovu, huyo naye amevunja amri. Tena tusimlazimishe muuzaji kushusha bei mpaka asiweze kuleta ila vitu duni. Kazi ya haki yastahili bei ya haki.

Yule baba tulimjibu kama tulivyoandika hapa, tukamkumbusha Zakayo, ambaye Bwana wetu alipoingia nyumbani mwake, hakutosheka na kusikitika bali aliahidi kurudisha mara nne. Majuto yasiyorudisha, hali mtu aweza kurudisha, ni majuto ya midomo. Baadaye alitupasha habari. Majembe 36 yaliyobaki aliyatenga upande, akayapunguzia bei, na kila mnunuzi huambiwa kwamba yafaa kwa udongo mwepesi tu, si kwa ardhi ya mawe. Katika wale wanne walionunua mwanzo, watatu walipatikana, wakarudishiwa fedha iliyozidi. Wa nne hakuonekana, na sehemu yake ikatiwa katika sanduku la maskini kanisani. Aliyetumwa kwa baiskeli kuwatafuta vijijini alikuwa yule yule mwanawe mkubwa. Aliporudi jioni, asema babaye, hakutaja methali yoyote; aliuliza tu kama kesho yake angeruhusiwa kuikagua mipini yote iliyomo dukani.

Tangu mwaka 1955, kwa agizo la Papa Pio XII, Kanisa humkumbuka Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi kila tarehe 1 Mei. Mikono yake ilishika vyombo vya useremala, na Mwana wa Mungu alijifunza kazi kwake. Atuombee sisi tuuzao na tununuao, ili watoto wetu wayaone mikononi mwetu yale wanayoyasikia midomoni mwetu.