Kasi Uliyoilipia Idai, Isiyo Yako Iache

Wanangu mnaojiundia kompyuta, kwanza daini haki yenu. Wengi mmenunua RAM ya DDR4 iliyoandikwa 3200, mkaichomeka na kuridhika, kumbe siku zote inatembea kwa 2133 au 2400. Mazabodi haijawaibia, imekaa kwenye kiwango cha usalama ikingoja amri ya mwenye mali. Ingieni BIOS muwashe mpangilio wa kasi hiyo, yaani XMP, au EXPO kwa DDR5 iliyotengenezewa AMD. Vijiti vikiwa viwili na nafasi nne, bodi nyingi huvitaka kwenye ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Mkivibananisha upande mmoja, njia moja ya data inalala bure.

Haki inaishia hapo. Kinachofuata ni tamaa. BIOS hiyohiyo ina vipengele vya kuondoa ukomo wa umeme wa prosesa, na baadhi ya bodi hutoka kiwandani vikiwa vimeshawashwa, zipate kuonekana za kasi kuliko za washindani. Msidhani prosesa za kampuni kubwa haziungui. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za AMD za Ryzen 7000X3D ziliungua kwenye bodi zilizopandisha volti kupita kiasi, na AMD ikaweka ukomo wa volti 1.3 kwenye sehemu ya SoC. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Intel: Core za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikichakaa kwa volti kubwa. Marekebisho yalitolewa, lakini prosesa iliyokwisha kuumia haikupona.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sasisheni BIOS kabla ya lolote. Wa Intel, chagueni mipangilio chaguomsingi ya Intel yenyewe, siyo ya mtengenezaji wa bodi. Kisha washeni XMP na muiachie MemTest86, programu ya kupima RAM, usiku kucha, kwa sababu lebo ya RAM si ahadi ya prosesa yenu. Likitokea kosa hata moja, shusheni kasi hatua moja mpime tena.

Msiseme, "Mbona inawaka?" RAM iliyosukumwa kupita uwezo haizimi mashine kila mara. Hugeuza tarakimu moja ndani ya faili, nanyi mkaihifadhi hivyohivyo. Mchezo ukikwama mtauanza upya; hesabu za duka zikiharibika kimyakimya, mtamwambia nini mwenye duka?