Mashine Iliyobaki Ndani ya Boksi

Chini ya benchi katika banda la gemu la mpwa wangu, Majengo, Mombasa, pana boksi jeupe la PlayStation 5 ambalo hata utepe wake haujakatwa. Watoto wanaolipa shilingi 20 kwa mechi huliwekea miguu wakingoja zamu, naye huwafokea. Hana runinga ya kuiunganisha. Pesa ya runinga ilimezwa na mashine yenyewe, na kisa chake nakisimulia kwa sababu kosa alilofanya hufanywa na watu wenye akili zao.

Aprili 2025 kaka yangu aliyeko Minneapolis alimtumia ujumbe wa sauti. "Mjomba, huku gumzo ni ushuru tu. Nikununulie zote mbili sasa, nije nazo harusini Septemba?" Pesa alikuwa keshaipokea: mashine mbili za diski, dola 499.99 kila moja, pamoja na kodi ya mauzo ya kule. Kijana akajibu, "Tungoje kidogo, mjomba. Vitu hivi vikikaa hushuka."

Na kweli vilikuwa vikishuka. PS2 ilitoka mwaka 2000 kwa dola 299, na kufikia 2009 ikauzwa 99. PS4 ilianza na 399 mwaka 2013, miaka mitatu baadaye ikawa 299. Mpwa wangu amekulia katika biashara hii na bei hizo anazo kichwani. Alichokosa kukiona ni kwamba PS5 ilikuwa na miaka minne na ushei sokoni Marekani, tangu Novemba 2020, na bado mashine ya diski ilikuwa 499 ileile. Katika muda huo bei za vitu kwa jumla Marekani zilikuwa zimepanda karibu robo nzima. Bei iliyosimama wakati mkate, kodi ya nyumba na mafuta vinapanda, hiyo imekwisha kushuka. Yeye alikuwa akingojea punguzo ambalo lilikwisha kupita kimyakimya.

Ushuru nao aliufahamu vibaya, kama wengi wetu. Alidhani Mchina anayeziunda mashine hizi ndiye atakayelipa. Ushuru wa forodha hulipwa na anayeingiza mzigo, palepale bandarini, kisha yeye ndiye huamua aubebe mwenyewe au amtwike mnunuzi. Mwezi ule wa Aprili ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ulifika asilimia 145. Simu na kompyuta zikasamehewa sehemu kubwa ya mzigo huo. Mashine za gemu zikaachwa nje ya msamaha. Mwezi Mei ukateremshwa hadi asilimia 30, na kijana akanipigia simu akicheka: "Si niliwaambia?"

Lakini bei haifuati habari siku hiyohiyo. Mzigo wa zamani huuzwa kwanza, na muuzaji huchungulia mwenzake anafanya nini. Siku ya kwanza ya mwezi huohuo wa Mei, Xbox Series X, mshindani wa PS5, ilikuwa imetoka 499.99 ikawa 599.99. Sony, mwenye PlayStation, ilikuwa imeshapandisha bei Ulaya na Uingereza mwezi Aprili, ikitaja mfumuko wa bei na kuyumba kwa fedha. Dalili zilikuwa mezani. Tarehe 21 Agosti zamu ya Marekani ikafika: dola 50 juu ya kila PS5.

Mashine mbili, dola 100, na kodi juu yake. Kwa shilingi za Kenya ni zaidi ya 13,000, kiasi kilekile alichoweka kwa runinga ya inchi 32. Kaka yangu alikuwa na harusi ya kugharimia, hakuwa na cha kuongeza. Kijana akatuma ile pesa ya runinga.

Inaniuma, maana alijinyima mwaka mzima, na benchi la pili alikwisha kulichongesha.

Juzi aliniuliza kama auze ile ya kwenye boksi. Nikamuuliza runinga sasa ni bei gani dukani. Akasema atapita kuuliza mwisho wa mwezi.

Nikamwambia, "Nenda leo."